Sanduku la Intaneti Liko Sebuleni Kwako. Ufunguo Uko kwa Nani?

Leo nina neno moja kwa kampuni zinazotuuzia intaneti ya nyumbani, na jingine kwetu sisi tunaoilipia kila mwezi. Nitaweka msimamo wangu mezani mapema ili asiyekubaliana nami ajue tunabishania nini: kile kisanduku chenye taa kinacholeta intaneti kwako ni mlango wa nyumba yako, na mwenye nyumba ndiye anayestahili kushika ufunguo wake. Si nusu ya ufunguo. Wote.

Hapa Nakuru faiba imeingia kwa kasi. Pita Milimani, Section 58, Kiamunyi, hata kwenye ploti za Kaptembwo na Free Area, utaona nyaya nyeusi zikiruka kutoka nguzo hadi nguzo. Kule ambako waya haujafika, kwenye mashamba ya Molo, Mau Narok na Olenguruone, kuna watu walioweka sahani za Starlink, huduma iliyoanza Kenya Julai 2023. Hii si safari ndogo. Kabla ya 2009 Afrika Mashariki yote ilitegemea setilaiti za bei ya juu. Ndipo nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa, SEACOM na TEAMS mwaka huo wa 2009, kisha EASSy mwaka wa 2010. Wakubwa wetu waliolipia saiba kwa dakika leo wana intaneti isiyolala ndani ya nyumba.

Lakini muulize yeyote anachojua kuhusu kisanduku hicho. Atakwambia mambo matatu: jina la Wi-Fi, neno la siri la Wi-Fi, na kwamba ikikwama unaizima, unahesabu hadi kumi, unaiwasha tena. Basi. Na kampuni nyingi zinapenda ibaki hivyo.

KUNA NINI NDANI?

Wengine huiita ruta, wengine modemu, wengine "ile kitu ya Wi-Fi". Kwa kweli ni vifaa vinne vilivyopakiwa pamoja. Cha kwanza hupokea mwanga kutoka kwenye waya wa faiba na kuugeuza kuwa data. Cha pili ni ruta yenyewe, inayoamua kila pakiti ya data iende wapi. Cha tatu ni mlinzi, anayewakataa wanaobisha kutoka nje bila kualikwa. Cha nne ni redio ya Wi-Fi.

Vyote vinne vinaongozwa kutoka ukurasa mmoja. Ukiwa umeunganishwa na Wi-Fi yako, fungua kivinjari uandike 192.168.1.1, au 192.168.0.1, au 192.168.100.1. Anwani kamili kwa kawaida imebandikwa chini ya kisanduku. Utaulizwa jina na neno la siri, na hapo ndipo mambo yanapoanza kuwa matamu.

Ruta nyingi zinazoletwa na kampuni zina akaunti mbili. Ya kwanza ni ya mteja. Inakuruhusu kubadilisha jina la Wi-Fi, na pengine kuona ni simu ngapi zimeunganishwa. Ya pili ni ya mafundi. Hiyo ndiyo inayofungua mambo mazito: DNS, mlinzi wa mlango, kuelekeza milango, hali ya daraja, usimamizi wa mbali. Mteja hapewi. Mara nyingine hata hajui kwamba ipo.

Mimi niliiomba. Nilipiga simu kwa kampuni inayonihudumia (sitaitaja, maana hili si tatizo la kampuni moja) na dada wa huduma kwa wateja akanijibu kwa upole, "Samahani mteja wetu, hiyo ni ya mafundi wetu pekee." Nikamuuliza, "Sasa dada yangu, nikitaka kubadilisha DNS hapa kwangu nifanyeje?" Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama nimejaribu kuizima na kuiwasha tena.

Simlaumu yeye. Anasoma alichopewa kusoma. Nalaumu mpango wenyewe.

BARUA KUPITIA S.L.P. YA KANISA

Kabla sijaendelea, nieleze jambo moja linalowasumbua watu wengi hapa bila wao kulijua jina. Wazazi wetu wengi hawakuwa na sanduku lao la posta. Barua zilipitia S.L.P. ya shule au ya kanisa, halafu karani anasoma jina na kumpa mwenyewe. Ruta yako hufanya kazi hiyo hiyo, na kazi hiyo inaitwa NAT. Simu yako, kompyuta ya mkeo, runinga na kamera vyote vinatumia anwani moja ya nje. Simu ikituma ombi, ruta inaandika kumbukumbu, na jibu likirudi inajua ni la nani. Barua isiyotarajiwa na isiyojulikana ni ya nani inatupwa. Ndiyo maana NAT, pamoja na mlinzi wa mlango, hukukinga kiasi.

Sasa, ukitaka kufikia kifaa cha nyumbani ukiwa mbali, tuseme kompyuta unayohifadhia faili, unamwambia karani: "Barua yoyote yenye namba fulani, mpelekee huyu." Huko ndiko kuelekeza milango.

Tatizo ni kwamba siku hizi kanisa lenyewe halina sanduku! Linatumia la dayosisi. Kampuni inaweka mamia ya wateja nyuma ya anwani moja ya hadharani, na mpango huo unaitwa CGNAT. Wewe unaweza kumpa karani wako maagizo yote unayotaka, lakini karani wa dayosisi hakujui, na barua inaishia kwake.

Kwa nini wanafanya hivi? Hapa niwe mwenye haki: si roho mbaya. Anwani za IPv4 zina biti 32, kwa hiyo haziwezi kuzidi 4,294,967,296, na dunia ilizimaliza. Tarehe 3 Februari 2011 hazina kuu ya dunia iligawa mafungu yake ya mwisho kwa ofisi tano za mabara. Ofisi ya Afrika, AFRINIC, yenye makao yake Mauritius, iliingia awamu ya mwisho ya kubana matumizi Januari 2020. Aprili 2012 anwani kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 zilikuwa zimetengwa rasmi kwa ajili ya CGNAT. Kampuni inayoanza leo, hata ingekuwa na moyo wa dhahabu, haiwezi kumpa kila mteja wa Lanet na Njoro anwani yake ya IPv4.

Kujua kama uko nyuma ya CGNAT ni rahisi. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, tafuta anwani iliyoandikwa WAN. Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako ya nje. Zikilingana, una anwani yako. Zikitofautiana, na hasa ile ya WAN ikianza na 100.64 hadi 100.127, au na 10, basi unapitia sanduku la dayosisi. Starlink ya kawaida ya nyumbani nayo iko hivyo hivyo.

Lalamiko langu si CGNAT. Ni ukimya. Hakuna anayekwambia unapojiandikisha. Mtu ananunua vifaa, fundi anashinda siku nzima akielekeza milango ambayo haielekezeki, analipwa, anaondoka, na kifaa hakifikiki. Mstari mmoja tu kwenye fomu ungetosha: "Mteja hatapata anwani yake ya hadharani isipokuwa alipie zaidi." Mstari mmoja!

KAMERA ZA DUKA

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima usingizi. Siku hizi kila duka la jumla, kila kituo cha M-Pesa na kila geti la maana lina kamera. Ni jambo jema. Lakini kamera zinawekwaje?

Mwaka jana mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliniita nimtazamie intaneti iliyokuwa ikienda pole pole. "Kijana wangu, nalipia kasi kubwa lakini hata WhatsApp inasuasua," akaniambia. Yeye alikuwa analipia anwani ya hadharani, kwa sababu fundi wa kamera alimshauri hivyo. Nilipoingia kwenye ruta nikakuta fundi huyo ameiweka mashine ya kurekodia kwenye sehemu inayoitwa DMZ. Maana yake kwa Kiswahili cha kawaida: kila mlango wa mashine hiyo umeachwa wazi kwa dunia nzima. Neno la siri la mashine lilikuwa lile lile lililotoka nalo kiwandani. Na mashine ilikuwa ikituma data nje usiku na mchana, kwenda kwa watu ambao mama yule hakuwafahamu.

"Kwani wezi wanaweza kuniona dukani?" aliniuliza. Nikamjibu, "Mama, wanaweza kukuona, wanaweza kujua saa unayofunga, na wanaweza kuitumia mashine yako kuwapiga wengine."

Hilo la mwisho si hadithi za kutisha watoto. Mwaka wa 2016 kulizuka programu haribifu iitwayo Mirai. Ilizunguka intaneti ikijaribu maneno ya siri ya kiwandani yapatayo 60 tu kwenye kamera, mashine za kurekodia na ruta za nyumbani. Ilikusanya vifaa mamia ya maelfu. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi la namna hiyo liliishambulia kampuni ya Dyn iliyokuwa ikihudumia majina ya tovuti, na kwa saa kadhaa watu wengi hawakuweza kufungua Twitter, Netflix wala Reddit. Walioitunga walikuwa vijana watatu wa Marekani, na walikiri makosa mahakamani Desemba 2017. Silaha yao ilikuwa uvivu wetu wa kubadilisha neno la siri.

Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, inayoharamisha kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa. Ni sheria nzuri kuwa nayo. Lakini sheria haifungi mlango. Mlango unafungwa na mwenye ufunguo, na hapo tunarudi pale pale.

WENYE KAMPUNI WANASEMAJE?

Nimebishana na marafiki wanaofanya kazi katika kampuni hizi, na hoja zao nazijua. Zinastahili kujibiwa, si kudharauliwa.

Hoja ya kwanza: mteja akipewa ufunguo wote ataharibu, kisha atapiga simu saa nne usiku. Kweli, wengine wataharibu. Lakini ruta ina kitundu nyuma. Ukikibonyeza kwa sindano inarudi ilivyotoka kiwandani. Na kampuni inaweza kuhifadhi mipangilio ya mteja kwake na kuirudisha kwa mbofyo mmoja. Tunakabidhiwa mita za stima na mitungi ya gesi, vitu vinavyoua. DNS haijawahi kumuua mtu.

Hoja ya pili: kampuni inahitaji kuifikia ruta kutoka mbali ili isasishe programu ya ndani na kurekebisha hitilafu. Hii ni hoja nzito, na naikubali nusu. Ukweli ni kwamba wengi wetu hatungesasisha ruta hata miaka mitano ipite. Usimamizi wa mbali umewaokoa wengi. Lakini mlango huo wa fundi nao ni mlango. Novemba 2016, nchini Ujerumani, wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom walikatikiwa na huduma baada ya washambuliaji kulenga ruta kupitia namba 7547, mlango uliotengwa kwa usimamizi wa mbali. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba ufunguo ukikaa kwa kampuni peke yake basi tuko salama.

Hoja ya tatu: kifaa ni mali ya kampuni, si yako. Sawa. Kama ni chenu, basi nipeni hali ya daraja, yaani kisanduku chenu kibaki kupokea mwanga tu, nami niweke ruta yangu nyuma yake. Ujerumani hiyo hiyo ilipitisha sheria iliyoanza kufanya kazi tarehe 1 Agosti 2016, inayompa mteja haki ya kuchagua kifaa chake mwenyewe cha kuunganishia. Mitandao ya Ujerumani haikuanguka kwa sababu hiyo. Na Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria inakataza kuuza vifaa vya nyumbani vya intaneti vyenye neno la siri moja linalofanana kwa wote au linalokisika kirahisi. Wenzetu wameshaanza kutembea.

FANYA HAYA WIKENDI HII

Najua si kila msomaji atapata akaunti ya fundi. Lakini mengi kati ya haya yanawezekana hata kwa akaunti ya mteja, na mengine unaweza kuyaomba kwa simu. Chukua kalamu.

1. Badilisha neno la siri la ukurasa wa ruta. Si la Wi-Fi, la ukurasa wenyewe. Hayo ni mawili tofauti, na wengi hubadilisha la Wi-Fi wakadhani wamemaliza. Liandike kwenye karatasi ulihifadhi pamoja na hati za nyumba.

2. Zima WPS. Ni ile njia ya kuunganisha kwa namba ya tarakimu nane. Desemba 2011 ilibainika hadharani kwamba namba hiyo hukaguliwa vipande viwili, kwa hiyo anayekisia hahitaji kujaribu mamilioni. Majaribio 11,000 yanatosha kwenye ruta isiyojikinga.

3. Zima usimamizi kutoka nje, palipoandikwa Remote Management, isipokuwa ule wa kampuni ambao huna uwezo nao. Hakuna sababu ukurasa wa ruta yako ufunguke kutoka mji mwingine.

4. Chunguza UPnP. Hii huruhusu programu iliyo ndani ya nyumba kufungua mlango wa nje bila kukuuliza. Vijana wa michezo ya kompyuta wataniandama kwa kusema hivi, lakini kama hakuna anayecheza, izime.

5. Tengeneza mtandao wa wageni. Ruta nyingi zinao. Weka humo wageni, runinga na kamera, ili kifaa kimoja kikiambukizwa kisiione kompyuta unayofanyia benki. Kwa wenye ploti wanaogawia wapangaji Wi-Fi moja, hili si la hiari. Leo hii kwenye ploti nyingi mpangaji wa chumba cha tano anaweza kuona printa na faili za chumba cha pili. Tafuta palipoandikwa AP Isolation uwashe.

6. Chagua DNS yako. DNS ni daftari la simu la intaneti: unataja jina la tovuti, yenyewe inakupa namba. Atakayeshika daftari anaweza kukupeleka anakotaka. Mwaka wa 2011 polisi wa Marekani na Estonia waliwakamata watu waliokuwa wameziteka kompyuta zipatazo milioni nne kwa programu ya DNSChanger, wakizielekeza kwenye daftari lao la uongo. Kwa hiyo ingia uangalie namba zilizoandikwa. Ukitaka za umma kuna 8.8.8.8 ya Google (tangu 2009), 9.9.9.9 ya Quad9 (tangu 2017) na 1.1.1.1 ya Cloudflare (tangu 2018). Wenye watoto wajaribu 1.1.1.3, ambayo huzuia tovuti haribifu na za ngono. Lakini ujue unampa mwingine daftari, chagua unayemwamini.

7. Rekebisha mkondo wa Wi-Fi. Kwenye masafa ya GHz 2.4 mikondo isiyoingiliana ni mitatu tu: 1, 6 na 11. Katika jengo la ghorofa tano kule Naka, ruta arobaini zinagombania mikondo hiyo mitatu. Pakua programu ya simu inayoonyesha mikondo, uone palipo na nafasi. Masafa ya GHz 5 yana nafasi zaidi na kasi zaidi, lakini hayapendi kuta. Na kuta zetu za mawe ya Ndundori hazichezi! Ukitaka GHz 5 chumbani, sogeza ruta katikati ya nyumba. Usiifiche nyuma ya runinga.

8. Kama unahitaji kufikia vitu vyako ukiwa mbali, usitumie DMZ hata siku moja. Tumia njia iliyofungwa, kama WireGuard, au Tailscale iliyojengwa juu yake. Tailscale hufanya kazi hata nyuma ya CGNAT, kwa sababu vifaa vyako vyenyewe ndivyo vinavyotoka nje kukutana.

9. Uliza kuhusu IPv6. Ina biti 128, na hakuna haja ya sanduku la dayosisi. Kila kifaa kinapata anwani yake. Sanifu yake ya kwanza ilitolewa Desemba 1995, kwa hiyo si kitu kipya. Kama kampuni yako inaitoa, iwashe, lakini hakikisha mlinzi wa mlango wa IPv6 naye amewashwa, maana NAT haitakuwepo kukuficha.

10. Ukimaliza, hifadhi nakala ya mipangilio. Kuna kitufe cha kupakua faili. Siku ruta itakapochomwa na stima inayoruka, utanishukuru.

Kuhusu kamera, neno moja zaidi. Zile zisizohitaji mlango wowote, unazotazama kwa programu ya simu tu, hufanya kazi kupitia seva za mtengenezaji. Ni rahisi na zinapita CGNAT bila shida. Lakini mara nyingi picha za geti lako la Kiamunyi husafiri hadi nchi nyingine ndipo zirudi kwenye simu yako ukiwa mjini, kilomita chache tu kutoka nyumbani. Huenda huna tatizo na hilo. Ila uchague ukijua, usichaguliwe.

NINACHODAI

Sidai kila mtu awe mhandisi wa mitandao. Mama yangu hatawahi kufungua ukurasa wa DNS, na hana haja. Nadai mambo manne mepesi kutoka kwa kampuni, kubwa na ndogo, zikiwemo zile za mitaani zinazovuta nyaya kutoka jengo hadi jengo.

Kwanza, mteja akiomba ufunguo wote apewe. Asaini fomu kwamba akiharibu atailipia ziara ya fundi, ni haki. Pili, asiyetaka kisanduku chao apewe hali ya daraja. Tatu, kila ruta itoke na neno lake la siri la ukurasa, tofauti na la jirani. Nne, karatasi moja ya maelezo, kwa Kiswahili kinachoeleweka, ikisema wazi kama uko nyuma ya CGNAT, kama IPv6 ipo, na nani anaweza kuingia kwenye ruta yako kutoka mbali.

Hilo la nne lina uzito kuliko linavyoonekana. Kupitia kisanduku kile hupita M-Pesa yako, masomo ya mwanafunzi wa Egerton aliyepanga Njoro, kazi ya kijana anayeandikia kampuni ya ng'ambo programu akiwa chumbani Pipeline, na mazungumzo ya mke na mume. Sehemu kubwa ya mambo hayo imefichwa kwa msimbo siku hizi, lakini si yote, na anayeshika ruta anajua angalau ni nani anaongea na nani, na saa ngapi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inasema taarifa za mtu zishughulikiwe kwa uwazi. Mimi sioni uwazi kwenye akaunti ambayo mteja haruhusiwi kujua kwamba ipo.

Na kwetu sisi wateja: tusilalamike tukiwa tumekaa. Kampuni itabadilika siku itakapopokea simu mia moja zinazouliza swali moja. Kwa hiyo wiki hii piga simu kwa kampuni yako, uulize maswali matatu tu: Je, niko nyuma ya CGNAT? Je, mnatoa IPv6? Je, nikitaka akaunti kamili ya ruta yangu naipataje? Andika walichokujibu na tarehe, uweke. Ukijibiwa uzime na kuwasha tena, cheka, halafu upige kesho yake.